Namna ya Kusoma Kanuni za Ujenzi Unapoulizwa Suala la Tetemeko la Ardhi

Mwenye kiwanja mjini Kasese anataka kujenga jengo la ghorofa nne, maduka chini na ofisi juu, na siku ya kukabidhiwa michoro ya awali anauliza: "Injinia, kwani ni lazima tuhesabu mambo ya tetemeko?" Swali hilo ni halali, na anayelipa gharama ana haki ya kujibiwa. Mara nyingi jibu huja haraka mno: mhandisi anapekua majedwali, anaokota mgawo mmoja katika ramani ya nchi, kizidishi kingine katika kitabu cha Ulaya, na fomula aliyoizoea tangu chuoni, kisha anatoa nguvu ya mlalo yenye tarakimu nne ambayo haitokani na kanuni yoyote duniani. Namba zenyewe huenda zote zikawa za kweli. Kosa liko katika kuzitenganisha na masharti yake, kwa kuwa kila namba iliyomo katika kanuni ya tetemeko imeandikwa ikitegemea namba nyingine ya kanuni hiyohiyo, na anayeichukua moja akaiacha nyingine anakuwa na tarakimu tu mkononi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahandisi vijana, wasimamizi wa ujenzi na maofisa wanaokagua michoro nchini Uganda. Hauchukui nafasi ya usanifu wa mhandisi aliyesajiliwa. Unaonyesha namna ya kuisoma kanuni mpaka ikupe jibu unaloweza kulitetea mbele ya kamati ya majengo.

Kwamba jambo lenyewe linatuhusu halina ubishi. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko lililoipiga Toro, kandokando ya milima ya Rwenzori, liliua zaidi ya watu 150. Tarehe 5 Februari 1994 lingine la ukubwa wa 6.2 liliitikisa Fort Portal na vitongoji vyake. Chanzo kikuu ni tawi la magharibi la Bonde la Ufa, linaloshuka kutoka Ziwa Albert, likapita Rwenzori na kufika Ziwa Edward, ambako ardhi inaendelea kutanuka. Hata hivyo asidhani mtu wa Masaka au wa Rakai kwamba umbali kutoka bondeni unamtoa katika hesabu: tetemeko la Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, kitovu chake kilikuwa karibu na Bukoba, upande wa Tanzania wa Ziwa Viktoria, na lilihisiwa vizuri kusini mwa Uganda.

Kwanza, ligeuze swali

Kanuni haijibu swali la "je, jengo langu ni salama?" Inajibu maswali madogo yenye mipaka: jengo la aina hii, mahali hapa, juu ya udongo huu, lihesabiwe kwa nguvu kiasi gani, lichambuliwe kwa njia ipi, na nondo zake zifungwe namna gani. Kabla hujafungua ukurasa wowote, liandike swali la mteja upya kwa umbo hilo. Swali la mwenye kiwanja wa Kasese linagawanyika mara moja. Kuna swali la kisheria: ni hati gani inayomfunga? Kuna swali la hatari: mahali pale pana mtikisiko wa kiasi gani kwa mujibu wa hati hiyo? Na kuna swali la muundo: fremu ya zege iliyojazwa matofali inaruhusiwa kupunguziwa nguvu kiasi gani, na kwa masharti yapi? La tatu ndilo linalokosewa zaidi, na ndilo nitakalokaa nalo muda mrefu.

Hati ipi inakufunga

Anzia juu, ushuke. Juu kuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo pamoja na kamati za majengo katika wilaya na miji, na ndiyo inayomtaka mjenzi apate kibali kabla ya kuanza. Chini yake kuna kanuni za utekelezaji, na Kanuni ya Taifa ya Usanifu wa Miundo ya mwaka 2019. Kisha kuna viwango vya Shirika la Viwango la Taifa, na kwa suala letu kiwango kinachohusika ni US 319 cha mwaka 2003, ambacho ni mwongozo wa utendaji wa usanifu wa miundo dhidi ya matetemeko. Mwisho kuna mkataba wako na mteja, ambao unaweza kuongeza masharti lakini hauwezi kuyapunguza yale ya sheria.

Ngazi hizi zina maana kwa sababu kiwango, peke yake, si lazima kiwe na nguvu ya sheria. Hupata nguvu hiyo pale sheria, kanuni au mkataba unapokitaja. Kwa hiyo ukiulizwa kama jambo fulani ni la lazima, usitoe jibu kwa kusoma kiwango pekee. Fuata mnyororo kutoka kiwango hadi kwenye hati inayokiita, na uandike namba ya kifungu kinachokiita. Ukishindwa kukipata kifungu hicho, jibu lako la kweli ni kwamba kiwango kile ni utaratibu mzuri wa kitaaluma, na kwamba mhandisi mwenye busara atakifuata. Hilo nalo ni jibu zito, lakini ni jibu tofauti.

Hapa ndipo BS 8110 inapoingia, kwa kuwa wengi wetu tulifundishwa kwa kiwango hicho cha Uingereza cha miundo ya zege na bado michoro mingi inayowasilishwa huhesabiwa kwacho, ingawa huko kwao kiliondolewa mwaka 2010 na nafasi yake kuchukuliwa na Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya miundo ya zege. BS 8110 kinadai kila jengo liweze kuhimili nguvu ya mlalo ya kukadiria iliyo sawa na asilimia 1.5 ya uzito wa kudumu wa kila ghorofa. Nimewahi kusoma ripoti za hesabu ambamo mstari huo umepewa kichwa cha habari "tetemeko". Sivyo. Nguvu ile imewekwa ili jengo lisiwe legelege, lisianguke kwa sababu nguzo hazikusimama wima kabisa au kwa sababu ya msukumo mdogo usiotarajiwa. Haikutokana na ramani yoyote ya mitikisiko, na BS 8110 hakina sura ya matetemeko. Anayetaka kujua tofauti ni kubwa kiasi gani ataiona katika mfano ulioko mbele.

Kusoma kifungu chenyewe

Ukishaipata hati, soma sura yake ya upeo wa matumizi kabla ya sura ya fomula. Sura hiyo ndiyo inayosema kama madaraja, mabwawa, minara na nyumba ndogo za matofali zimo au hazimo. Kisha soma sura ya maana za maneno, hata kama unayajua. Neno "urefu wa jengo" linaweza kuhesabiwa kutoka juu ya msingi au kutoka usawa wa ardhi, na tofauti hiyo hubadilisha muda wa mtikiso, yaani sekunde ambazo jengo hutumia kuyumba kwenda na kurudi mara moja. Halafu tazama kama sentensi inaamuru, inapendekeza au inaruhusu. Eurocode zimerahisisha kazi hii kwa kuweka herufi P pembeni ya namba ya aya ambayo ni msingi usioweza kukiukwa. Maelezo madogo yanayofuata kifungu, yale yaliyochapwa kwa herufi ndogo, kwa kawaida hayaamuru. Yanafafanua, au yanataja thamani inayopendekezwa ambayo kila nchi inaruhusiwa kuibadilisha katika kiambatisho chake cha kitaifa. Basi anayetumia Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya matetemeko, nchini Uganda akichukua thamani iliyopendekezwa, aandike wazi kwamba ameichukua kama pendekezo, wala asiseme kanuni "imemwamuru".

Kifungu kinachokurejesha kwenye kifungu kingine lazima ukifuate. Ni kazi ya kuchosha, nakubali, lakini masharti mengi yanayowaponza watu yamejificha huko.

Ramani haisemi kila kitu

US 319 inaigawa Uganda katika kanda, na kanda namba 1 ndiyo nzito kuliko zote, ile inayokumbatia Bonde la Ufa la magharibi. Aliyezoea vitabu vya nje anaweza kuisoma kinyume: katika kanuni ya Marekani ya mwaka 1997 kanda namba 4 ndiyo iliyokuwa ya hatari kubwa zaidi, na katika kanuni ya India ya mwaka 2016 kanda ya V ndiyo iliyokuwa ya juu. Mtu akiingiza "kanda 1" katika programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa mfumo mwingine, atapata nguvu ndogo mahali palipotakiwa kubwa, na programu haitalalamika.

La pili ni muda wa marudio, yaani wastani wa miaka inayopita kabla mtikisiko wa kiasi hicho haujarudi. Namba ya mtikisiko iliyoandikwa katika ramani ina maana tu ukijua uwezekano ulioambatana nayo. Eurocode 8 kwa sharti la kutoanguka hutumia mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 wa kupitwa ndani ya miaka 50, yaani muda wa marudio wa miaka 475. Mfumo wa Marekani wa ASCE 7 huanza na mtikisiko mkubwa zaidi, ambao kwa muda mrefu ulitajwa kwa asilimia 2 ndani ya miaka 50, takriban miaka 2,475, kisha huchukua theluthi mbili ya thamani hiyo kwa ajili ya usanifu. Sasa fikiria mtu amepata kwenye makala ya kisayansi ramani ya Afrika Mashariki yenye muda wa miaka 2,475, akachukua thamani ya Fort Portal na kuitia katika fomula ya Eurocode 8 inayotarajia miaka 475. Jengo litakuwa ghali bila sababu, na mteja atamkimbilia mhandisi mwingine. Akifanya kinyume chake, akatia thamani ya miaka 475 katika mfumo wa Marekani na kuipunguza tena kwa theluthi, jengo litakuwa dhaifu. Kosa ni lilelile.

La tatu: thamani nyingi za ramani hutolewa kwa mwamba mgumu. Udongo wako bado haujaingia.

Udongo, na kwa nini ripoti ya msingi haitoshi

Kampala ni shule nzuri ya jambo hili. Juu ya vilima udongo ni mwekundu wa laterita, mgumu, na mwamba ulioliwa uko chini yake. Ukishuka mabondeni, Nakivubo au Lubigi, unakanyaga tope la kinamasi lililokuwa na mafunjo kabla ya kufukiwa kifusi. Majengo mawili yaliyo mbali kwa kilomita moja tu, yenye namba moja ya kanda, yanaweza kupata mitikisiko isiyofanana kabisa, kwa kuwa udongo laini huukuza mtikisiko wa polepole.

Eurocode 8 huweka madaraja ya ardhi A hadi E, pamoja na mawili maalumu kwa udongo mbaya. Daraja B ni udongo mgumu sana ambao mapigo ya kipimo cha SPT, kile cha kupigilia bomba ardhini na kuhesabu mapigo, huzidi 50. C ni kati ya 15 na 50. D ni chini ya 15. Ukipewa kasi ya mawimbi ya mkato, mipaka ni mita 800, 360 na 180 kwa sekunde. Jambo la kushika ni kwamba wastani wa kasi hiyo huchukuliwa kwa mita 30 za juu. Ripoti nyingi za udongo tunazoletewa zimetokana na mashimo ya mita mbili au tatu yaliyochimbwa kwa jembe, na hueleza uwezo wa udongo kubeba msingi, basi. Uwezo wa kubeba si daraja la ardhi. Udongo wa mita tatu za juu unaweza kubeba msingi vizuri huku chini yake kukiwa na mita ishirini za udongo laini. Ukikosa taarifa za kina, usikisie daraja zuri. Chagua lile linalotoa nguvu kubwa kwa muda wa mtikiso wa jengo lako, uandike kuwa ni dhana, na umweleze mteja gharama ya kuchimba shimo la kina ikilinganishwa na gharama ya dhana hiyo. Mteja anayeona namba mbili pamoja mara nyingi huamua kuchimba.

Umuhimu wa jengo

Hapa sitakawia. Jengo ambalo kuanguka kwake kunaua wengi au kunalemaza uokoaji huhesabiwa kwa nguvu zaidi. Eurocode 8 hutoa vizidishi vinavyopendekezwa vya 0.8, 1.0, 1.2 na 1.4, shule na kumbi za mikutano huwa kwenye 1.2, hospitali na vituo vya zimamoto kwenye 1.4. Angalizo moja tu: soma matumizi ya jengo kama yatakavyokuwa. Jengo la biashara ambalo ghorofa zake mbili za juu zitapangishwa kwa kanisa au shule ya awali halibaki jengo la kawaida.

Kizidishi cha kupunguza nguvu

Sasa tumefika penye uzito. Hakuna kanuni ya kawaida inayotaka jengo la ofisi libaki bila ufa wowote katika tetemeko kubwa. Kanuni zinakubali kwamba nondo zitavutika kupita kiwango chake cha kurudi, zege litapasuka sehemu zilizochaguliwa, jengo litayumba na kuharibika, lakini halitawaangukia watu. Kwa kuwa jengo linalojikunja bila kukatika huimeza nishati ya mtikisiko, kanuni huruhusu nguvu ya hesabu ipunguzwe. Punguzo hilo ni mkopo, na malipo yake ni namna nondo zinavyofungwa.

Kuna familia mbili za kanuni, na ni lazima utambue yako ni ipi kabla ya kuandika namba. Katika familia ya kwanza, nguvu hupatikana kwa kuzidisha vigawo kadhaa, na kimojawapo ni cha tabia ya muundo. Muundo mbaya zaidi hupewa namba kubwa zaidi. Katika familia ya pili, ambamo zimo Eurocode 8 na ASCE 7, nguvu ambayo jengo lingeipata kama lisingepasuka hugawanywa kwa namba ya tabia, na muundo ulio bora ndio wenye namba kubwa. Kuchukua namba ya familia moja na kuiweka katika fomula ya nyingine ni kosa linalogeuza maana kabisa.

Tuchukue mfano, kwa kutumia Eurocode 8 tangu mwanzo hadi mwisho. Jengo ni fremu ya zege ya ghorofa nne, lenye urefu wa mita 12. Uzito wake unaoshiriki katika mtikisiko, yaani uzito wa kudumu pamoja na sehemu ya mizigo ya matumizi, ni kN (kilonyutoni) 12,000. Ardhi ni daraja C. Mtikisiko wa mwamba nimeuweka 0.15 ya mvutano wa dunia. Hiyo ni namba ya kufundishia, usiipeleke Kasese wala kwingineko. Muda wa mtikiso unakadiriwa kwa kuzidisha 0.075 na urefu uliopandishwa kwenye kipeo cha robo tatu, nao unatoa sekunde 0.48. Kwa ardhi C na aina ya kwanza ya mchoro wa mitikisiko, ule unaoonyesha nguvu kwa kila muda wa mtikiso, sehemu tambarare ya mchoro inaishia sekunde 0.6, kwa hiyo tumo ndani yake, na kizidishi cha udongo ni 1.15. Mgawo wa usanifu ni 0.15 mara 1.15 mara 2.5, gawanya kwa namba ya tabia.

Ukiamua kutofuata masharti maalumu ya ufungaji wa nondo, namba ya tabia ni 1.5, na mgawo unakuwa 0.2875. Ukifuata masharti ya daraja la kati la unyumbufu, yaani uwezo wa kujikunja bila kukatika, fremu yenye ghorofa nyingi na nafasi nyingi kati ya nguzo inaruhusiwa 3.0 mara 1.3, yaani 3.9, na mgawo unashuka hadi 0.11. Kwa kuwa jengo lina zaidi ya ghorofa mbili na muda wake ni mfupi vya kutosha, uzito unazidishwa kwa 0.85. Nguvu ya mlalo kwenye kitako cha jengo ni kN 2,930 katika hali ya kwanza na kN 1,130 katika ya pili. Lingekuwa shule, ile ya pili ingepanda hadi kN 1,350 hivi. Sasa irudie ile asilimia 1.5 ya BS 8110: uzito wa kudumu ukiwa kN 11,000, unapata kN 165. Mwenye kuiita namba hiyo "tetemeko" ameacha sehemu sita kati ya saba hata ya nguvu ile iliyokwisha kupunguzwa.

Tazama pia pengo lililoko kati ya 2,930 na 1,130. Tofauti ya kN 1,800 haikuondolewa na hesabu. Imehamishiwa kwa fundi wa nondo. Ikiwa michoro yako inatumia 3.9 lakini haionyeshi ringi, zile nondo nyembamba zinazozifunga nondo za wima, zikibanana kwenye ncha za nguzo, umekopa bila nia ya kulipa.

Malipo yenyewe, tuyaone kwa karibu. Chukua nguzo ya mm 300 kwa 300, yenye nondo za mm 16, ringi za mm 8 na zege la kufunika la mm 30. Kwa daraja la kati, Eurocode 8 inataka nafasi kati ya ringi, katika sehemu hatari za juu na chini ya nguzo, isizidi thamani ndogo kabisa kati ya tatu: nusu ya upana wa kiini cha zege, mm 175, na mara nane ya kipenyo cha nondo ya wima. Kiini, kikipimwa kati ya katikati ya ringi, ni mm 232, nusu yake mm 116. Mara nane ya 16 ni mm 128. Kwa hiyo inatawala 116, na kwenye mchoro unaandika mm 100. Sehemu hatari yenyewe, kwa nguzo yenye urefu wazi wa mita 2.6, ni mm 450 kutoka kila ncha. Ringi hizo ziendelee kupita ndani ya makutano ya nguzo na bimu, pale ambapo fundi hupenda kuziruka kwa sababu nondo za bimu zimesongamana na mkono hauingii. Ncha za ringi zikunjwe nyuzi 135 na kuingia ndani ya kiini kwa mara kumi ya kipenyo chake, yaani mm 80. Kona ya nyuzi 90 hufunguka zege la nje likishabanduka, na tangu hapo nguzo haina mkanda.

Kuna sharti lingine linalogongana na mazoea yetu moja kwa moja. Katika kila makutano, isipokuwa yale ya juu kabisa ya jengo, jumla ya uwezo wa nguzo kupinga kujikunja lazima ifike angalau mara 1.3 ya jumla ya uwezo wa bimu. Bimu mbili zenye kNm 120 kila moja zinadai nguzo ya juu na ya chini zifikishe kNm 312 kwa pamoja. Desturi ya kuficha nguzo ya mm 230 ndani ya ukuta wa tofali, huku bimu ikiwa na kimo cha mm 450 au zaidi, kwa kawaida haiwezi kulifikia sharti hilo. Basi mhandisi anayetaka kubaki na nguzo nyembamba hana ruhusa ya kutumia 3.9, arudi kwenye 1.5, au aweke kuta za zege zibebe nguvu ya mlalo.

Vifungu vya umbo la jengo

Watu huvisoma vifungu hivi mwishoni, wakati vilistahili kusomwa kabla ya msanifu majengo hajamaliza kuchora. Kanuni zote za sasa hupima kama jengo lina mpangilio sawia kwa mchoro wa sakafu na kwa kimo, na zisipouona huongeza nguvu, hupunguza namba ya tabia, au hulazimisha uchambuzi wa kina zaidi. Mitaani kwetu kasoro mbili zimezagaa. Ya kwanza ni ghorofa ya chini iliyoachwa wazi kwa maduka, yenye milango mipana ya chuma mbele, huku ghorofa za juu zikiwa zimejazwa kuta za matofali. Katika hesabu kuta hizo huandikwa kama uzito tu; katika tetemeko hukaza ghorofa za juu, na mwendo wote wa jengo huishia kwenye nguzo za dukani. Ya pili iko shuleni: ukuta unaojengwa kati ya nguzo hadi kimo cha dirisha tu. Nguzo iliyohesabiwa kuwa ya mita tatu hubaki na mita moja iliyo huru, hukakamaa, huvuta nguvu nyingi kuliko wenzake, na kukatika kwa mkato. Ukiulizwa swali la tetemeko juu ya majengo ya namna hii, tafuta kwanza vifungu vinavyohusu kuta za kujazia na ghorofa dhaifu. Jibu la fomula ya nguvu ya kitako halina maana kabla ya hapo.

Kanuni inaponyamaza

Kuna maswali ambayo kanuni haikuyawazia: kuongeza ghorofa mbili juu ya jengo la zamani ambalo michoro yake imepotea, kwa mfano, au kuchanganya tofali la kuchoma na fremu isiyokamilika. Hapo usibuni kifungu. Andika hoja kwa mpangilio huu: swali kama lilivyo, hati na toleo lake pamoja na mwaka, kifungu kilicho karibu zaidi na maneno yake kamili, unavyoelewa kusudi la kifungu hicho, dhana zako, na uamuzi wako. Kama utalazimika kuazima kutoka kanuni nyingine, azima sura nzima na masharti yake, wala si namba moja, na useme umefanya hivyo. Hoja hiyo ipelekwe kwa ofisa wa udhibiti wa majengo kabla ya zege la kwanza, naye ajibu kwa maandishi. Maelezo ya mdomo kwenye korido yasiingizwe kwenye faili kana kwamba ni idhini.

Mteja naye aandikiwe kwa lugha anayoielewa. Yule wa Kasese angeweza kuambiwa hivi: "Mzee, jengo lako liko katika kanda nzito kuliko zote nchini. Tumelihesabu kwa njia inayokupunguzia chuma na zege, lakini kwa sharti kwamba ringi zifungwe kama ilivyochorwa, na kwamba nitakagua kila nguzo kabla haijamwagiwa zege. Ukibadilisha fundi au ukiongeza ukuta kati ya nguzo, nijulishe kwanza." Kisha nakala ya barua hiyo iwekwe pamoja na hesabu, ikiwa na namba za toleo la kila hati iliyotumika, kwa sababu viwango hurekebishwa, na atakayelifungua faili miaka kumi baadaye akitaka kuongeza ghorofa atahitaji kujua ni toleo lipi lililosomwa.